Mashua za Sultani na Jahazi la Mjomba

Kwa karne nyingi Bahari ya Kati ilikuwa bahari ya merikebu za makasia. Waveneti walikuwa nazo, Wahispania walikuwa nazo, na Waturuki walikuwa nazo kwa mamia. Leo, katika dunia nzima, imebaki moja tu iliyo kamili, iliyotoka mikononi mwa mafundi wa zama zile. Ipo Istanbul, mtaa wa Beşiktaş, ndani ya Makumbusho ya Jeshi la Majini, nayo ina urefu wa karibu mita 40 na upana usiofika mita 6. Kila ubavu una makasia 24, na kila kasia lilivutwa na watu watatu. Kwa hiyo siku ya kutoka walihitajika wanaume 144 wa kuvuta tu, usiwahesabu wa usukani wala walinzi. Na katika merikebu zote zile zilizopigana, zilizobeba askari na baruti, zilizozama na watu wake, hii iliyobaki haikuwa ya vita. Ilikuwa ya sultani kutembelea.

Jambo hilo limenikaa moyoni tangu nilipoliona kwa macho yangu, na ndilo linaloniandikisha haya. Mimi ni mtu wa Mombasa, Mji wa Kale. Kabla sijajua kusoma nilikwisha kuijua harufu ya sifa na deheni, na marehemu mjomba wangu alikuwa nahodha wa jahazi lililokuwa likileta boriti za mikoko kutoka Lamu. Mtu aliyelelewa hivyo akiingia kwenye nyumba iliyojaa vyombo, hatazami dhahabu kwanza. Anainama kutazama mkuku.

Aliyenipeleka ni binamu yangu, ambaye ameolewa Istanbul na anakaa upande wa Üsküdar. Tulivuka Bosporasi kwa feri asubuhi, tukashuka Beşiktaş, tukapita chini ya sanamu ya Barbaros Hayreddin, amiri wa majini wa Sultani Süleyman, ambaye kaburi lake lililojengwa na Mimar Sinan liko hapo hapo. Makumbusho ni hatua chache tu kutoka gatini.

“Kaka, humu ndani nakujua,” binamu aliniambia mlangoni. “Tutatoka wakifunga.”

Ukumbi wenyewe ni mkubwa na mrefu, hauna nguzo katikati, na upande wa baharini ni vioo. Mashua za masultani zimepangwa ubavu kwa ubavu zikielekeza omo zake majini, kwa hiyo unaona chombo, halafu nyuma yake unaiona ile bahari kilimopita. Sijaona mpango mzuri kuliko huo katika nyumba yoyote ya makumbusho. Zaidi ya mashua kumi na mbili zimo humo, nyingi za karne ya 19, na ndefu kuliko zote inazidi mita 30. Ni nyembamba mno kwa urefu wake. Mbao zimekwanguliwa mpaka zikawa nyepesi, rangi nyeupe mwilini, maua ya dhahabu yanakwenda na ukingo kutoka omo mpaka tezi, na juu ya omo amesimama ndege wa dhahabu aliyekunjua mbawa. Nyuma, kwenye tezi, ndipo palipo na kibanda cha sultani: nguzo nyembamba, paa dogo, mto wa kukalia. Mashua za wanawake wa kasri nazo zina vibanda vyake vya kuwasitiri na macho ya watu.

Nilichokikalia muda mrefu ni kasia. Makasia ya mashua hizi si kama yetu. Sehemu ya ndani, karibu na mkono wa mvutaji, kasia linanenepa ghafla, limeachwa na uzito wa mti kwa makusudi. Uzito ule ndio unaosawazisha urefu wa kasia uliotoka nje ya ubavu, ili mvutaji asibebe kasia, alivute tu. Wala kasia halikupitishwa kwenye chuma. Lilifungwa kwa kitanzi kwenye kigingi cha mti, nacho kilipakwa mafuta ili kisilie. Mtu wa Lamu akikiona kitanzi kile hahitaji maelezo, kwa maana kishwara cha mashua yake ni kitu hicho hicho. Nilimwita binamu aje aone. Mafundi wa bahari mbili ambao pengine hawakuwahi kuonana walifika kwenye jawabu moja, kwa sababu maji ni yale yale na mkono wa binadamu ni ule ule.

Kazi za mashua hizi zilikuwa chache. Siku ya Ijumaa sultani alipokwenda kuswali katika msikiti ulio pwani, alipanda mashua, na mizinga ikapigwa. Majira ya joto alikwenda kupunga hewa Kağıthane, ndani kabisa ya Pembe ya Dhahabu, au akavuka upande wa Asia hadi Göksu, penye kijito na miti. Waliovuta, kwa karne kadhaa, walitoka katika kikosi cha bostancı, walinzi waliokuwa pia watunza bustani za kasri. Usukani ulishikwa na mkuu wao mwenyewe, bostancıbaşı, na cheo hicho kilikuwa na nguvu kuliko jina lake lilivyo. Bosporasi nzima ilikuwa imepangwa majumba ya wakubwa yanayogusa maji. Mkuu huyo ndiye aliyeweka daftari la nani ana nyumba gani pwani, na kwa kuwa alikaa nyuma ya sultani akiwa ameshika usukani, ndiye aliyeulizwa: hii ya nani, na ile iliyopanuliwa ya nani? Waziri angeweza kungoja siku nyingi kupata nafasi ya kusema na mfalme faraghani. Mshika usukani alikuwa nayo kila safari. Kikosi chake kilivunjwa baada ya mwaka 1826, jeshi la Janisari lilipofutwa.

Kwa hiyo hata starehe ilikuwa na siasa yake, na siasa hiyo ililipiza. Mwaka 1722, zama za Ahmed III, lilijengwa kasri la Sadabad huko Kağıthane, na wakubwa wakajenga vibanda vyao vya starehe kando ya maji yale. Mji ulikuwa na watu wenye njaa na askari walioshindwa vita dhidi ya Uajemi. Mwaka 1730 Patrona Halil aliongoza maasi, Ahmed akaondolewa kitini, na vile vibanda vikavamiwa na kubomolewa. Zaidi ya karne moja baadaye alikuja Sultani Abdülaziz, mpenda merikebu, aliyenunua manowari za chuma mpaka jeshi lake la majini likawa miongoni mwa makubwa ya dunia. Mwaka 1869, Malkia Eugénie wa Ufaransa alipopita Istanbul akielekea kwenye ufunguzi wa Mfereji wa Suez, alibebwa kwa mashua ya kifalme mpaka kasri la Beylerbeyi. Miaka sita baadaye dola ikatangaza kuwa haiwezi kulipa madeni yake kamili. Tarehe 30 Mei 1876 Abdülaziz akapinduliwa, akatolewa katika kasri lake la Dolmabahçe, akapandishwa mashua na kupelekwa Topkapı kama mfungwa. Siku chache baadaye alikuwa maiti. Dolmabahçe iko karibu na makumbusho, unakwenda kwa miguu. Nilipojua hayo sikuweza tena kuitazama mito ya vibanda vile kama pambo tu.

Lakini iliyonishika hasa ni ile merikebu kubwa ya makasia, kadırga. Inasemekana ilikuwa ya Mehmed IV, aliyetawala kuanzia 1648 hadi 1687, na wapo wanaoona mbao zake ni za kale zaidi ya hapo. Kibanda chake cha nyuma kimenakshiwa kwa lulumizi, gamba la kasa na pembe za ndovu. Binamu alivutwa na nakshi. Mimi nilibaki kwenye mabenchi ya wavutaji, nikikisia urefu wa hatua ya mtu anayesimama, anasukuma kasia mbele, kisha anajitupa nyuma na kukaa.

“Mbona umenyamaza, kaka?”

Nikamwambia: dada, vyombo vya namna hii vilikuja kwetu. Na ni kweli vilikuja. Mnamo 1585 na 1586 Mir Ali Bey, amiri wa Kituruki, alifika pwani ya Uswahilini, na miji mingi iliyochoshwa na Wareno ikamkubali. Akarudi mwishoni mwa 1588 na kutia nanga Mombasa na merikebu zake tano. Machi 1589 Wareno wakaja kutoka Goa wakiongozwa na Tomé de Sousa Coutinho, wakati ule ule Wazimba, wapiganaji waliotoka bara, walipokuwa ng’ambo ya pili ya maji wakingoja kuingia kisiwani. Mji uliangamia kutoka pande mbili. Merikebu za Mir Ali Bey zilitekwa ndani ya bandari yetu, yeye mwenyewe akakamatwa na mwisho wake akapelekwa Lisbon. Ndiyo sababu mojawapo kubwa iliyowafanya Wareno waanze kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Kila mtoto wa Mji wa Kale amecheza chini ya kuta zile. Ni wachache walioambiwa kwamba zilijengwa kwa hofu ya makasia ya Waturuki.

Merikebu zile tano zimekwenda wapi? Na zile za Lepanto je? Mwaka 1571 dola ya Kituruki ilikwenda vitani Lepanto na merikebu za makasia zaidi ya 200 na ikapoteza nyingi mno. Majira ya baridi yaliyofuata viwanda vyake vya merikebu vikajenga nyingine kama 150. Tafakari kazi hiyo: miti iliyokatwa, misumari, kamba, kalafati, mafundi wa mji mzima wakifanya kazi usiku na mchana. Haikubaki hata moja. Iliyobaki ni ya mfalme kutembelea.

Hapo nilianza kuelewa nilichokuwa nikikiona. Vyombo hivi havikubaki kwa sababu vilikuwa bora. Vilibaki kwa sababu havikufanya kazi. Mashua inayotoka Ijumaa na siku za joto, kisha ikavutwa na kulazwa ndani ya banda la kasri, ikafunikwa, ikatazamwa na mtu mwenye mshahara, itaishi miaka 150, itaishi 300. Chombo cha mzigo hakina banda. Nyumba yake ni bahari, na bahari haimwachii mtu mbao. Istanbul ilikuwa na maelfu ya mashua za kuvusha watu wa kawaida, sokoni na makazini, kabla kampuni ya meli za moshi ya Şirket-i Hayriye haijaanzishwa mwaka 1851 na kuanza kuwachukua abiria hao. Zile ndizo zilizoubeba mji. Lakini ukumbi huu umejaa za wafalme.

Mlinzi wa ukumbi, mtu mzima mwenye masharubu meupe, alikuwa amekwisha kutuzoea. Binamu alimweleza kwamba mimi ni mtu wa pwani ya Afrika na ukoo wetu ni wa vyombo. Akaniuliza kama mjomba alikuwa na banda la jahazi lake. Nikamjibu kwamba kwetu jahazi halina banda. Hakusema kitu, alitikisa kichwa tu, na sikukiona kama kichwa cha dharau. Kilikuwa kichwa cha mtu anayejua jua na unyevu hufanya nini kwenye mbao.

Jahazi la mjomba lilihitaji mikono mingi ili liendelee kuishi. Kila baada ya miezi michache, bamvua likija, lilipandishwa ufukweni maji yakiwa yamejaa, likaegemezwa magogo, na maji yakitoka likabaki kavu. Hapo muda ulikuwa unahesabika, kwa sababu maji yatarudi. Mabaharia waliingia chini na kukwangua majani ya bahari na vikome vilivyoganda kwenye mbao. Fundi alipita akigonga kila ubao kwa nyundo ndogo, anasikiliza. Pale sauti inapozimika ndipo palipooza. Alichomoa kalafati iliyochoka, akasokota pamba iliyorowa mafuta, akaipigilia katika mianya kwa patasi butu. Kisha jahazi likapakwa deheni, chokaa iliyochanganywa na shahamu ya moto, kwa viganja vya mikono, sehemu yote inayokaa majini. Sehemu ya juu ilipakwa sifa, mafuta ya papa, na harufu yake ilifika mpaka ndani ya nyumba zetu. Sisi watoto tulitumwa kuleta kahawa na kuambiwa tusikanyage kamba. Jioni maji yakarudi, jahazi likainuka lenyewe.

Mjomba hakuwa msemaji. Nilipomwuliza mara moja kwa nini hawalipaki rangi nzuri kama boti za watalii, alinijibu, “Mwanangu, rangi haizuii maji.” Basi, akaendelea na kazi yake.

Halafu malori yakachukua mizigo. Barabara ya Lamu ilikuwa mbaya, lakini lori lilifika bila kungoja kaskazi wala kusi, na mwenye mali hakutaka tena kungoja upepo. Mabaharia wakaenda kutafuta kazi bandarini Kilindini, wengine wakavuka hadi Ghuba. Mjomba alipodhoofika jahazi liliuzwa, likatiwa mashine, likabadili mwenyewe mara mbili au tatu, mwisho likalazwa kwenye matope ya mkono wa bahari na hakuna aliyelipandisha tena. Mbao za jahazi kuukuu hazipotei bure: nyingine huwa kuni, na siku hizi nyingine hugeuzwa fremu za vioo na meza za mahoteli. Niliiona fremu kama hiyo katika duka moja la Mji wa Kale, tundu za misumari bado zimo na kutu imeuma mti kuzizunguka. Muuzaji, kijana mwenye adabu, aliniambia kwa fahari kwamba hiyo ni mbao ya jahazi la kweli. Nilimwamini. Nilitoka pale na huzuni ambayo sikuweza kumweleza, na Istanbul ndiko nilikoielewa.

Mtepe ulilitangulia jahazi katika njia hiyo. Ulikuwa chombo cha pwani yetu wenyewe, hasa cha visiwa vya Lamu na Wabajuni, kisicho na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba, na omo lake lilinyanyuka kama shingo ya ngamia, limechorwa macho mawili ya kuitazama njia. Wareno walipofika mwishoni mwa karne ya 15 waliukuta ukifanya biashara, na mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa bado unaonekana. Kisha ukaisha. Tunachokitazama leo katika Makumbusho ya Lamu ni mifano midogo. Mwaka 2003, huko Unguja, mafundi walijenga upya mtepe mzima, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib. Nilifurahi sana habari hizo ziliponifikia. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo ilianguka na watu wawili wakafa. Chombo kilikuwa kimepatiwa paa, na paa lenyewe likawa halina uhakika.

Nikikaa kulifikiria hilo naona fikra yangu ya kwanza haikutosha. Starehe peke yake haikuziokoa mashua za Istanbul, kwa maana sisi pia tulikuwa na wafalme na vyombo vyao vya starehe. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, sultani wa Unguja, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, anaeleza safari za jamaa wa kifalme kwa mashua kutoka Mtoni kwenda mjini, wavutaji wakiwa watumwa wa nyumba. Seyyid Barghash alijengewa Scotland, mwaka 1878, meli iliyoitwa Glasgow, baada ya kimbunga cha 1872 kuangamiza merikebu zake. Ilikaa bandarini Unguja miaka na miaka bila ya kazi kubwa, kama vile mashua za Bosporasi zilivyokaa. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zililipiga kasri, Glasgow ikajibu kwa mizinga yake michache, ikazamishwa mbele ya mji. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji mpaka 1912, ilipokatwa na vipande vyake kuopolewa. Meli ya starehe ya kwetu haikufa kwa kazi. Ilikufa kwa kukosa mwenye nguvu za kuilinda.

Kumbe kinachohitajika ni zaidi ya starehe: ni paa linalosimama, na dola au mji unaoamua kwamba paa hilo litaendelea kusimama hata wenye vyombo wakiisha. Masultani wa Istanbul waliondolewa mwaka 1922. Jamhuri iliyowafuata haikuzipenda anasa zao, na ilikuwa na sababu. Hata hivyo mashua hazikuchomwa. Makumbusho yenyewe yalikuwa yameanzishwa mwaka 1897 katika kiwanda cha merikebu cha Pembe ya Dhahabu, yakahama zaidi ya mara moja, yakafika Beşiktaş mwaka 1961, na jengo hili la vioo likafunguliwa mwaka 2013. Serikali moja ilianzisha, nyingine ikaendeleza, na watu wasiomjua Abdülaziz wala kumtamani wamelipwa kupangusa vumbi kwenye mashua yake. Hilo ndilo nililoliheshimu kuliko dhahabu yote ya mle ndani.

Kwetu tumekwisha kujua kuhifadhi, lakini tumehifadhi mawe. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka uliofuata. Ni vyema, na wahifadhi waliopigania hayo wanastahili shukrani. Sasa mwenye nyumba ya kale Lamu hawezi kung’oa mlango wa nakshi akajibadilishia tu. Lakini hatua chache kutoka mlangoni kwake, jahazi lililoleta boriti za dari ile linaweza kupasuliwa mchana kweupe na asiulizwe mtu. Miji hii ilijengwa na vyombo. Chokaa, boriti, tende, mazulia, sahani za Uchina zilizopachikwa ukutani, yote yalishushwa kutoka ngamani mwa majahazi. Kuhifadhi nyumba na kuacha chombo ni kuhifadhi nusu ya habari.

Nikitafuta palipo na matumaini, nayaona Lamu kwenye mashindano ya mashua wakati wa Maulidi na sherehe za utamaduni. Mashua zinazoshindana hutunzwa kwa wivu. Mafundi wa Matondoni bado wanaitwa, matanga yanashonwa, na vijana wanapigania nafasi ya kupanda. Pale starehe imefanya kwa mashua ndogo kile ambacho biashara imeshindwa kukifanya kwa jahazi kubwa. Hilo tulikuze. Ila jahazi la tani nyingi halishindani, wala halitaingia kwenye banda lenyewe.

Kwa hiyo nasema na wale wanaohusika, kutoka Lamu mpaka Kilwa. Kila mji wa kale wa pwani uchague jahazi moja la kazi kabla hayajaisha, si lililopakwa rangi kwa ajili ya picha, bali lenye deheni yake, feuli yake iliyoungua moshi wa kupikia, kishwara chake kilicholika, na ulijengee banda lenye hewa na kivuli. Kando yake yaandikwe majina ya mabaharia waliolipanda. Wavutaji wale 144 wa Istanbul sikuona majina yao popote, nasi bado tunaweza kuwauliza wetu, kwa sababu wapo, wamekaa barazani, umri umekwenda. Vijana wenye simu wawaendee wawarekodi: namna ya kupima taruma kwa jicho, namna ya kuingia Shela usiku bila taa, dua waliyosoma wakikata nanga. Na aliye na jahazi kuukuu lililolala matopeni, namwomba asilivunje kabla hajawaita watu wa makumbusho waje walipime na kulichora. Nao wakiitwa, waje.